Mchanga wa Reli

Bwana Maślanka wa ofisi ya ajira
aliteremsha kidole kwenye wasifu wangu,
akakisimamisha katikati, palipo peupe,
akauliza kwa adabu, kama mgeni anayeulizia choo:
"Na hapa, Bi. Bogumiła? Hapa palikuwa na nini?"

Palikuwa na Iwo. Kisha Kalina,
na pumu ya Kalina, iliyopenda kubisha hodi saa nane usiku.
Palikuwa na supu iliyopoa nikiitazama.
Palikuwa na mimi, dirishani, ghorofa ya nne,
nikizitambua tramu za mtaa wa Kiliński kwa sauti zake:
hii ina gurudumu bovu,
hii dereva wake amegombana na mtu.
Nikasema, "Nilikuwa nyumbani."
Akaandika kitu. Nilichungulia: kilikuwa kistari.

Wanasema ujuzi hauzeeki.
Waulize mafundi wa reli hapa Łódź.
Reli isiyopitiwa, juma moja tu la mvua,
hugeuka rangi ya chai.
Miaka minane, je?

Mkufunzi wangu Oskar, kijana wa hereni moja,
huenda nilimpeleka shule mimi mwenyewe
naye akibandika chingamu chini ya kiti.
Alinionyesha skrini. Alinionyesha kijiti
kilichorithi kazi ya ule mkono wa shaba
niliouzoea hadi kiganja kikaota sugu.
"Taratibu, Bi. Bogumiła, hatukimbizwi,"
kwa sauti ileile niliyomfundishia Kalina
kufunga kamba za viatu.

Januari. Zamu ya kwanza peke yangu.
Suruali ya sare ilikikataa kifungo,
nikaifunga kwa pini ya nepi.
Nilikuwa nimemwandalia Kalina maneno ya kumbembeleza.
Hakulia. Aligeukia ukutani, akaendelea kulala,
nikashuka ngazi na maneno yangu
kama mtu aliyebeba zawadi akakuta sherehe imekwisha.

Kulikuwa na barafu nyembamba, ile isiyoonekana.
Kwenye mteremko wa kwenda Chojny magurudumu yakateleza:
mabehewa mawili, watu arobaini na usingizi wao,
na mbele taa nyekundu, na lori la mikate.
Skrini ikapiga yowe. Sikuitazama.
Mguu ndio uliojua. Uliitafuta pedali
kama unavyotafuta ndara gizani mtoto anapokohoa,
ukakanyaga,
na chini ya sakafu nikausikia mchanga
ukimiminika juu ya reli,
mkavu, mkaidi, ukikishika chuma.

Mchanga! Miaka minane nimeukung'uta viatuni,
nimeufagia kitandani, nimeulaani bafuni
ukiziba bomba kwa ujeuri.
Hata asubuhi ile, nikitafuta kitambaa mfukoni,
vidole vilikuta punje za uwanja wa watoto.
Sikuzitupa. Sijui kwa nini.

Tukasimama hatua tatu nyuma ya lori.
Hakuna abiria aliyeinua kichwa.
Mzee mmoja aligeuza ukurasa wa gazeti.

Mwisho wa njia tuna dakika nne.
Simu ikalia: Iwo.
"Mama, kijiko cha njano kiko wapi?"
"Muulize baba."
Kimya. Mlango wa kabati. Kitu kikaanguka, kikavingirika.
"Baba anasema nikuulize wewe."

Najua kilipo. Kiko nyuma ya mkebe wa unga,
kimelala kifudifudi,
nakiona wazi kama taa iliyogeuka kijani mbele yangu.
"Kitafuteni," nikasema,
nikapiga kengele,
nikaiondoa tramu.